Shangazi, namsikia Mungu nikianika nguo kuliko nikifungua Biblia

Shangazi shikamoo,

Niwie radhi barua itakuwa ndefu, hili jambo nimekaa nalo miezi na sina pa kulitua. Mi ni dada wa miaka 36, nimekulia kanisani, shule ya Jumapili, kwaya, vijana, kote huko nimepita. Mama yangu alifariki miezi nane iliyopita baada ya kuugua muda mrefu na mimi ndo nilikuwa namuuguza, namgeuza kitandani, namlisha, na kila jioni namsomea Zaburi.

Tangu tumzike nikifungua Biblia naona maandishi tu. Yani nasoma ukurasa mzima af nafika chini sijui nilichosoma. Nikajilazimisha, nikaingia kwenye ule mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja kwenye apu ya simu, nikafika Mambo ya Walawi pale kwenye ukoma wa ngozi na ukoma wa nguo na ukoma wa nyumba nikakwama hapohapo. Apu ikawa kila asubuhi inanikumbusha uko nyuma siku 12, uko nyuma siku 30, mwisho nikaifuta kwa hasira.

Sasa cha ajabu ni hiki. Nikitoka nje kuanika nguo asubuhi, upepo ukaingia kwenye mashuka, kitu kinanigusa kifuani naanza kulia, na sio kilio kibaya. Nikifagia uani, nikiosha vyombo, nikitembea peke yangu, mistari niliyoikariri utotoni inakuja yenyewe bila kuitwa. Nikaona basi Mungu yuko huku, Jumapili nikawa natembea badala ya kwenda ibadani, sasa ni kama miezi miwili. Rafiki yangu tunayesali wote nilipomwambia akanijibu kwa ukali kwamba hiyo ndo kuabudu viumbe badala ya Muumba, nijiangalie.

Hapo bado sijafika kwenye kilichonifanya nikuandikie. Nimepata kazi mji mwingine, mbali, kazi nzuri tu, wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nikikubali baba anabaki peke yake kwenye nyumba. Nikasema kama Mungu anaongea na mimi huko nje basi anijibu hukohuko. Nikaomba, Bwana ndege akitua dirishani kwangu kabla ya saa moja asubuhi nitajua niende. Shangazi, akatua! Nilifurahi nikacheza peke yangu chumbani. Kesho yake ndege yuleyule, au anayefanana naye, akajigonga kwenye kile kioo akafa. Nilimuokota mwenyewe, bado ana joto.

Toka siku ile sipati usingizi. Mungu amebadilisha jibu? Ananionya nikienda kuna mtu atakufa? Sasa kila kitu nakiona ni ujumbe, wingu jeusi, jani likidondoka mbele yangu, mbwa akibweka usiku. Nilianza na amani sasa nina hofu. Nisaidie shangazi, nimepotea njia au vipi?

Ni mimi, mwanao wa dirishani

*

Mwanangu wa dirishani, marahaba, na pole sana kwa mama. Miezi nane ni jana tu. Usiruhusu mtu akuhesabie siku za msiba kama ile apu.

Barua yako ina mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja na ndo maana inakutesa. Moja ni zuri na sitaki uliache, la pili linakuua pole pole na nataka uliache leo, ikiwezekana kabla hujamaliza kunisoma.

Nianze na rafiki yako maana ameshika kipande cha ukweli. Ni kweli Paulo kwenye Warumi 1 aya ya 25 anawasema watu walioabudu kiumbe wakamwacha Muumba. Lakini arudi nyuma aya tano tu, aya ya 20, mtu huyohuyo kwenye barua hiyohiyo anasema mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake tangu kuumbwa ulimwengu. Kosa la wale watu halikuwa kutazama, walitazama wakaishia kwenye kitu chenyewe, hawakushukuru. We unaanika shuka unakumbuka Zaburi, hiyo unaiitaje kuabudu shuka?

Na we fikiria Yesu mwenyewe alivyokuwa anafundisha. Unga na chachu, kiraka kipya kwenye nguo kuukuu, taa, chumvi, mtu anatafuta kondoo, watoto sokoni wanagombana kwenye mchezo wao. Kuna yule mama wa Luka 15 mwenye sarafu kumi, imempotea moja, anawasha taa anafagia nyumba mpaka aione. Huwa nawaza Yesu alimuona nani akifagia hivyo, nahisi ni mamake, ila hilo ni la kwangu halijaandikwa popote. Kwenye mifano mitatu ya sura ile furaha ya mbinguni inafananishwa na ya mchungaji aliyepata kondoo, ya baba aliyerudiwa na mwana, na hapo katikati kakaa kabisa mwanamke na fagio lake. Kwa hiyo ukishika ufagio uani mistari ikakujia usishangae, mingi ya mistari hiyo ilizaliwa hukohuko.

Tena alipotuambia tutazame hakusema tupitishe macho. Mathayo 6, waangalieni ndege wa angani, halafu kwenye maua anasema fikirini, na neno la Kigiriki lililotumika hapo kwenye maua ni la kujifunza kitu kwa kina, kama mwanafunzi anavyokaa na somo. Anataka ukae hapo. Mithali 6 nayo inamtuma mvivu kwa mdudu chungu azifikiri njia zake, Yeremia alitumwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi akaone, na alipofika akakuta mtu yuko kwenye kazi zake za kawaida za kila siku, chombo kimeharibika mkononi anakifinyanga upya. Kumbe neno la Bwana lilikuwa linamsubiri kwenye karakana.

Kwa hiyo hilo la kwanza usilionee aibu. Mama yako ulimsomea Zaburi mpaka mwisho, sauti yako na kile kitabu na kile kitanda vimeshikana, ukikifungua unarudi kwenye kile chumba. Mwili hauwezi kwa sasa. Hiyo mi naiona ni majonzi tu, ila mistari haijakuacha, imekufuata huko nje unakoweza kupumua.

Haya, tuje kwa ndege.

Mwanangu we umetoka kwenye kutazama ukaingia kwenye kupiga ramli, na mpaka wake ni mwembamba ndo maana hukuuona. Zaburi ya 19 ndo imenisaidia mimi miaka mingi kwenye hili. Inaanza "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu", kila mtu anaijua hiyo, lakini wachache wanafika aya ya 3 inayosema hakuna lugha wala maneno. Mbingu zinahubiri bila maneno! Zinahubiri utukufu wake, yani yeye ni nani. Hazikwambii saini mkataba au usisaini. Halafu kuanzia aya ya 7 ghafla wimbo unageuka unaanza kusifu sheria ya Bwana, shuhuda zake, maagizo yake, hapo sasa ndo kuna maneno. Watu wengine wanaona kama ni zaburi mbili zimeunganishwa, mi naona mtunzi alijua vizuri anachofanya, jua na kitabu amevilaza kitanda kimoja kwa sababu ukichukua kimoja ukaacha kingine unachechemea.

Sasa we ndege asiye na maneno umemlisha maneno. Ulimpa "nenda" akiwa hai, alipokufa ukampa "usiende", na sasa hata mbwa wa watu ana ujumbe wako. Ndo maana amani imegeuka hofu. Yesu aliposema tuwaangalie ndege, somo zima pale lilikuwa msisumbuke. Sasa ukiwaangalia ndege ukatoka umesumbuka zaidi ujue umesoma kitabu kilekile kichwa chini miguu juu.

Najua utaniambia mbona Gideoni aliweka ngozi ya kondoo nje usiku akaomba Mungu amjibu kwa umande. Kila mtu ananiletea Gideoni. Soma Waamuzi 6 polepole, Gideoni alikuwa ameshaambiwa cha kufanya kabla ya ngozi, kwa maneno kabisa, alichokosa ni ujasiri. Na mara ya pili anapoomba anamsihi Mungu hasira yake isiwake, yani mwenyewe anajua anavuta kamba. Mungu alimvumilia, ni kweli, ila kuvumiliwa sio kupewa leseni ya kudumu.

Yule ndege aliyekufa bado amekukaa, najua, siwezi kumpita hivihivi. Ndege hujigonga kwenye vioo kwa sababu kioo kinaakisi miti na anga, yeye anaona njia iko wazi. Na wapo wanaorudirudi kwenye dirisha moja kwa sababu wanajiona wenyewe mle ndani wakidhani ni ndege mwingine kaja kuwanyang'anya eneo, pengine hata yule wa siku ya kwanza alikuja kwa hilo. Kifo chake hakikuwa barua kwako. Lakini sitaki nikuachie hapo kana kwamba hakuna mtu aliyeona, maana Biblia haikuachii hapo. Mathayo 10 inasema mashomoro wawili wanauzwa senti moja. Luka 12 inasema watano kwa senti mbili. Piga hesabu, kwa bei ya Mathayo senti mbili unapata wanne, kwa hiyo wa tano ni nyongeza tu, anatupiwa mteja bure kwa sababu hana thamani yoyote. Halafu Yesu anasema hasahauliwi hata mmoja mbele za Mungu. Huyo wa bure ndo anasemwa pale! Na angalia hakusema hawaanguki. Wanaanguka, we umemshika mmoja bado ana joto. Anachosema ni kwamba Baba anajua.

Mi nadhani ulipomuokota yule ndege ulikuwa umemshika mama. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Kwa ajili ya hilo nakuomba usome kitu, sio sasa, siku utakayoweza. Ayubu 38 mpaka 41. Ayubu amezika watoto wake wote na anataka maelezo, na Mungu anamjibu kutoka kwenye upepo wa kisulisuli kwa kumtembeza nje. Mwanzoni nilikuwa naichukia sehemu ile, nilikuwa naona mtu anauliza watoto wangu walikufa kwa nini af anaonyeshwa mbuni. Lakini iangalie ile safari inampeleka wapi. Haimpeleki kwenye bustani nzuri ya maua. Inampeleka kwa simba anayewinda, makinda ya kunguru yanayomlilia Mungu kwa njaa, punda-mwitu asiyefugika, mbuni anayeacha mayai yake mchangani yakanyagwe, makinda ya tai yanayonywa damu. Mauti imo humohumo ndani na Mungu hajaificha. Ayubu hapewi jibu la kwa nini hata moja, na bado mwanzoni mwa sura ya 42 anasema nilikuwa nimesikia habari zako kwa masikio ila sasa jicho langu linakuona. Sijui kulielezea zaidi ya hapo, nimelisoma mara nyingi na kila mara linanikalia tofauti. Nachojua ni kwamba mtu aliyefiwa anaweza kukaa na sura zile bila kudanganywa.

Na ukitaka ya kulia tu bila somo lolote kuna Zaburi ya 88, inaishia gizani, haina ile "lakini nitakusifu" ya mwishoni. Na imeachwa humo hivyohivyo.

Usingizi sasa. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 ametoka kuwashinda manabii wa Baali kwenye mlima Karmeli, anakimbia, anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Cha kwanza alichopewa pale ni mkate na gudulia la maji, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, baada ya hapo ndo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu kusikia ile sauti ndogo ya utulivu. Upepo ukapita, tetemeko, moto, na Bwana hakuwemo. We mwenzangu hujalala unatafuta sauti kwenye kila upepo unaopita! Kula, lala, na hali hii ikiendelea mwone daktari umweleze hujalala na umefiwa, usiione ni upungufu wa imani.

Kuhusu kusoma, apu uliyoifuta iache ilivyofutika. Walawi utarudi siku nyingine, sio kitabu cha mtu anayeuguza kidonda kibichi. Chukua vipande vifupi vya watu waliokuwa wanatazama vitu, soma kabla hujatoka nje kisha utoke nacho kichwani, usikae nacho mezani ukikikodolea macho. Anza na Marko 4 aya ya 26 mpaka 29, ni aya nne, mtu kamwaga mbegu, analala anaamka, mbegu inaota, yeye mwenyewe hajui vipi. Kaa nayo wiki nzima ukianika nguo zako. Halafu Zaburi ya 104 uigawe vipande, ina chemchemi na ndege matawini na korongo na mbuzi-mwitu na simba na mtu anayekwenda kazini mpaka jioni, ni ya kutembea nayo hiyo. Usiandike chochote kama hujisikii.

Na Jumapili tembea alfajiri kisha ingia ibadani ukae nyuma kabisa karibu na mlango. Kama huwezi kuimba usiimbe. Nakwambia hivi kwa sababu miezi miwili umekuwa na upepo na ndege tu, na hao hawawezi kukuuliza jana ulilala saa ngapi. Labda angekuwepo wa kukuuliza usingefika kwenye mambo ya dirisha. Rafiki yako mkali naye usimtupe, msomee ile aya ya 20 ya Warumi 1 mcheke.

Imebaki kazi. Mhubiri 11 aya ya 4 inasema, "Mwenye kuuangalia upepo hatapanda, naye ayatazamaye mawingu hatavuna." Aya mbili mbele yake anasema asubuhi panda, jioni usizuie mkono wako, kwa sababu hujui ipi itastawi. Hujui! Mhubiri hajifanyi kukupa namna ya kujua. Kwa hiyo hilo ni la kuamua kama watu wazima wanavyoamua, kwa akili na maombi na kuuliza wanaohusika, na lolote utakalochagua kati ya hayo mawili sioni dhambi ndani yake mradi baba asitelekezwe.

Na hapo kwa baba nina swali. Nimeisoma barua yako mara tatu kutafuta kitu na sijakiona. Umemuuliza ndege, umeuliza mawingu, umemuuliza rafiki yako, umeniuliza mimi ambaye sijawahi kukaa na nyie hata siku moja. Hakuna mahali umeandika kwamba umemuuliza yeye. Yeye naye kazika mke miezi nane iliyopita, na huenda usiku naye anakusikia ukitembeatembea chumbani akaogopa kukuuliza. Hujui kama anataka ubaki, au anataka uende na anaona aibu kukwambia, au angefunga mzigo wake akafuatana na wewe.

Kesho asubuhi mwambie aje akushikie upande wa pili wa shuka mkikung'uta, mwambie kuna kazi nimepata. Halafu uniandikie amesemaje.

Shangazi